Chokaa Juu ya Masizi

Kiti alichokalia Inspekta Ken Gichuru asubuhi ile kilikuwa kiti cha Namalwa. Hakikuandikwa jina, ni kweli, lakini kwa miaka yote aliyofanya kazi katika ofisi ile ya katikati ya jiji, Sajini Namalwa hakutoka mlangoni kabla ya kutundika sweta lake mgongoni mwa kiti hicho, ili mwingine asije akajipa raha. Kisha Ken akapandishwa cheo. Siku ya kwanza alilikunja lile sweta vizuri, akamrudishia mwenyewe kwa adabu zote, akaketi. Hao ni watu waliopiga gwaride pamoja kwenye chuo cha polisi Kiganjo, wakala githeri ya sufuria moja, na leo mmoja ndiye "sir". Namalwa alimwonea wivu, tena wivu wa kumnyima usingizi, na ofisi nzima ilijua.

"Weka saini hapo chini," Ken alisema akimsukumia faili. "Nataka iende leo kabla ofisi hazijafungwa."

Faili ilikuwa ya Quincy Barasa, aliyekufa Alhamisi jioni, mvua ikinyesha, kwenye kona ya mteremko upande wa Dagoretti. Probox yake ya bluu ilikuwa imetoka barabarani ikavamia nguzo ya chuma. Kilichowachekesha watu ni kazi yake. Quincy alikuwa mhandisi wa usalama barabarani. Riziki yake ilikuwa kuzunguka Nairobi akitafuta vitu vinavyoua watu kando ya njia, mawe, mitaro iliyo wazi, vyuma vilivyosahaulika, na kuwasihi wenyewe waviondoe. Mitandaoni walikuwa wameshamsema hadi wakachoka. Mganga hajigangi, waliandika. Ken naye alikuwa ameandika lile lile kwa lugha ya ofisi: mwendo wa kasi na uzembe wa dereva.

Namalwa hakusaini. Alikuwa ameinamia picha ya nguzo ile, nyeupe pepe kando ya lami.

"Hii picha ulipiga lini?"

"Ijumaa asubuhi, mimi mwenyewe. Kuna shida?"

"Nguzo ni safi."

"Ni safi kwa sababu imepakwa chokaa. Hata kipofu angeiona. Hiyo ndiyo point yangu."

"Gari imekunjika mpaka kwa usukani, na nguzo haina hata mkwaruzo moja?"

Ken aliivuta picha, akaitazama, akairudisha. Hakupenda alichokiona, na zaidi hakumpenda aliyekiona kwanza.

"Namalwa, wacha nikuulize kama rafiki. Huu ni upelelezi ama ni wivu?"

"Ni vyote, sir. Nipe mpaka jioni."

Ken alimpa, kwa sababu picha yenyewe ilikuwa imeanza kumwasha. "Ukirudi bila kitu, unasaini," alisema. "Na hatutaiongelea tena."

Namalwa alianzia uwanja wa kituo walikoiburuta Probox. Pua ya gari ilikuwa imepasuliwa katikati, na upana wa ule mpasuko haukuzidi kiganja cha mkono. Alipitisha mkono dirishani akagusa kijiti cha indiketa. Kilikuwa kimesukumwa kuashiria kushoto, kikakwama hapo. Mtu aliyeponyokwa na gari hapati nafasi ya kuwaambia wenzake kwamba anakwenda kushoto. Quincy hakuteleza. Alikuwa akiegesha, tena mahali alipopazoea, ndiyo maana aliingia na mwendo wake wa kila siku bila kusitasita. Nyuma kwenye buti palikuwa na beseni tupu lililotandikwa gazeti, na ndani yake chembe za udongo mwekundu.

Aliegesha pale kwa nani? Swali hilo lilimpeleka Parklands.

Mjane wa Quincy, Anita, aliishi ghorofani kwenye jengo lililopakana na hekalu la Wahindi. Sebule ilijaa wanawake wa ukoo waliokuja kuomboleza, vitambaa kichwani, chai mikononi. Anita hakuwa nao. Alimpokea Namalwa jikoni, akafunga mlango, akasimama akiwa amefunga mikono kifuani. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Umekuja kuniambia ni nani?" aliuliza.

"Nani yupi?"

"Afande, usinifanye mtoto. Ofisi yake iko Upper Hill. Nyumba ndiyo hii, Parklands. Sasa wewe nionyeshe Dagoretti inapatikana wapi kati ya hizo mbili."

Anita akamshika mkono, akampeleka kwenye kibaraza cha nyuma. Miche ilijaa pale, kila mmoja kwenye kifuko chake cheusi cha udongo, majani yamelegea kwa kiu.

"Alikuwa akichelewa, anakuja na moja. Haniambii story yoyote, anaweka tu hapa. Mimi sikusomea upelelezi, lakini nilijua. Mwanaume akianza kuleta maua bila sababu, sababu iko."

"Ulimuuliza?"

"Akasema ni kazi. Kazi gani hiyo inabebwa kwa beseni?" Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa ajili ya wageni. "Mwili unaondoka kesho kwenda Kakamega. Mama mkwe anangoja niketi kando ya jeneza nilie, watu waone. Sijatoa hata chozi moja. Wanasema mimi ni jiwe. Afande, niambie kwanza nalia kama bibi yake ama nalia kama mjinga. Kama kuna mwanamke huko, kesho siendi. Azikwe na huyo."

Namalwa alichuchumaa kwenye miche. Hapakuwa na ua hata moja. Ilikuwa miche ya vichaka, ile ambayo watu hupanda kuzungushia shamba, na kila mmoja ulikuwa wa aina tofauti. Shina la mmoja lilikuwa limekunjwa hadi chini, kisha likafungwa kwa uzi ili lisimame tena. Mpenzi gani huyu, alijiuliza, anayempa mwanaume zawadi ya ua wa shamba, mche mmoja mmoja?

"Nitakupigia leo," alisema akiinuka. "Niseme nini, sijui bado. Lakini nitakuambia vile ilivyo."

"Hata kama ni mrembo?"

"Hata kama ni mrembo."

Kona yenyewe ilikuwa ya wauza miche. Walijipanga upande wa kushoto wa mteremko, vifuko vyeusi vimepangwa safu safu hadi kwenye mtaro, na mbele yao mawe makubwa yaliyopakwa chokaa. Miaka ya nyuma lori liliacha njia likaisaga biashara ya watu, ndipo wakayaviringisha mawe yale kutoka bondeni na kuyapaka, na tangu hapo waliamini wamemaliza kazi. Jiwe likiwa jeupe, dereva ataliona. Dereva akiliona, hatalikaribia. Hivyo ndivyo walivyohesabu, na hesabu hiyo haikumkumbuka dereva aliyekwisha kuponyokwa na gari, ambaye macho yake hayamsaidii tena.

Mawe yalikuwa yameacha mwanya mmoja tu wa changarawe, ambapo gari la mnunuzi lingeweza kujiweka kando. Katikati ya mwanya huo ndipo iliposimama nguzo.

Mwanamke wa kwanza kumkabili aliitwa Shiru, kijana, mwenye kofia ya jua na ulimi mwepesi.

"Sasa madam. Nikuuzie nini?"

"Mimi ni polisi. Nataka kuuliza tu."

"Uko sawa, lakini unaanzia siku yangu na maswali? Huku mtu hasimami kwa biashara ya mwenzake akaongea, akaongea, halafu anaenda mikono mitupu. Ni mkosi. Chukua hata rosemary, ni kitu kidogo."

Namalwa akanunua rosemary, maana bila hiyo hangepata neno. Alisimama pale na mche mkononi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake, na akili yake ikarudi kwenye kibaraza cha Parklands. Mche mmoja mmoja. Kila jioni aliyochelewa, mche mmoja. Akaukumbatia vizuri ule wake, akaendelea.

"Huyo wa Probox ya bluu alikuwa anasimama kwako?"

"Kwangu? Ningeshukuru Mungu. Alikuwa anasimama kwa Mama Cate, pale kwa parking. Kastoma wote ni wa Mama Cate. Ndiye chairlady wetu, na ndiye ako na parking." Shiru alilitamka neno hilo la mwisho kana kwamba lina mifupa.

"Na hii nguzo?"

"Jumapili tulienda church. Jumatatu tukaikuta imesimama."

"Hamkuuliza ni ya nani?"

"Kitu ikishasimama kando ya barabara, nani huuliza? Wengine tulisema ni ya kaunti. Wengine, ni ya chairlady. Tukasema afadhali, itatukinga. Na huyo jamaa wiki hiyo alikuwa hajaonekana, mpaka hiyo Alhamisi."

Namalwa aliizunguka nguzo polepole. Yale mawe yote yalisimama mbele ya mtu au mbele ya mali ya mtu. Nguzo hii haikumkinga yeyote. Nyuma yake palikuwa na changarawe tupu na madoa ya oili ya magari. Aliyeiweka hakuogopa lori. Aliyeiweka alitaka mtu fulani akose mahali pake pa kusimama, na Namalwa aliijua kazi hiyo kwa sababu aliifanya mwenyewe kila siku kwa sweta. Nyani haoni kundule, lakini la mwenzake huliona upesi.

Akaikwaruza kwa ukucha. Chokaa ya mawe ilikuwa imeshika kama ngozi. Hii ilibambuka vipande vipande, ikadondoka. Chini yake palikuwa na kitu cheusi chenye mafuta. Akazidi kukwaruza, usawa wa paja lake, na hapo akauona mstari wa rangi ya bluu uliojichimbia kwenye chuma.

Ni rangi ya Probox, chini ya chokaa. Basi nguzo ilikuwa nyeusi Quincy alipoigonga, nyeusi jioni ya mvua, na mtu aliipaka baada ya maiti kuondolewa na kabla Ken hajafika asubuhi na kamera yake. Usiku ule wa tochi kila mtu alitazama gari. Nani angeitazama nguzo?

Hapo mwanamke wa makamo, mwenye aproni yenye udongo, alikuja akijifuta mikono. Alijitambulisha kwa heshima: Nyakio, chairlady.

"Afande, usisumbuke na sisi wote," alisema kwa sauti ya chini. "Angalia hiyo chuma. Iko na vishikizo vya kutundika nyama. Halafu muulize Shiru ndugu yake anafanya kazi wapi."

Kweli, upande mmoja wa nguzo ile, kumbe boriti kuukuu, ulikuwa na pete ndogo zilizochomelewa, moja baada ya nyingine.

"Ndugu yangu ako kichinjioni, hapo Dagoretti, na sifichi!" Shiru alikuwa amesikia. "Na nimekuonea wivu, Mama Cate, hiyo pia sifichi. Nakuona vile gari zinakupitia kwanza, nachomeka. Lakini mimi nikimwonea mtu wivu nampiga na bei. Sipandi chuma!"

Kwa muda mfupi Namalwa alitamani Shiru awe ndiye. Sababu ilikuwepo, chuma kilikuwepo, ndugu alikuwepo, mambo yote yamekaa mkao wa kula. Angerudi mjini mchana huo huo akamwekea Ken mezani. Lakini vidole vyake vilikuwa vimebaki na ule weusi, akavinusa. Vilinuka moshi.

"Shiru, kule kichinjioni huwa wanawasha moto?"

"Moto ya nini? Kule ni maji tu. Wanaosha kutoka asubuhi mpaka jioni."

"Hawachomi?"

"Wachome wapi? Wakichinja, nyama inaenda."

Masizi hayaji bila jiko. Boriti iliyooshwa kila siku hushika kutu; hii ilikuwa imekaa miaka juu ya makaa, ikanywa mafuta na moshi hadi chokaa ikakataa kuishika. Namalwa aligeuka polepole.

"Chairlady, mawe haya mlipaka lini?"

"Disemba. Kabla ya Krismasi."

"Na hiyo chokaa iliyo chini ya pete yako?"

Nyakio aliukunja mkono wake ndani ya aproni. Gari lilipita, kisha jingine.

"Baba Cate anafanya kazi gani?"

Aliyejibu ni Shiru, na alijibu upesi, kwa furaha ambayo hakuwahi kuizuia. "Anachoma nyama. Kenyatta Market." Kisha akauona uso wa mwenzake, akaivua kofia yake, akaenda kujishughulisha na miche isiyohitaji kushughulikiwa.

Njiani kwenda Kenyatta Market, Nyakio aliketi garini kando ya Namalwa, rosemary ikiwa katikati yao. Walipofika Ngong Road, Nyakio akafungua kinywa.

"Mimi ndiye nilipaka," alisema. "Walipomtoa, nikangoja watu waende. Nilifikiria mtu mwingine akiigonga je? Nikaipaka ionekane."

"Ungemwambia aliyeiweka aing'oe."

"Ningemwambia nini? Kwamba najua ni yeye?"

"Ulijua lini?"

"Jumatatu, nilipoiona. Nimekula nyama chini ya hiyo chuma tangu tuoane."

"Kutoka Jumatatu mpaka Alhamisi ulinyamaza."

Nyakio aligeukia dirishani.

Kenyatta Market ilikuwa imechemka. Wasusi walimwita Namalwa kutoka kila mlango, sister, kuja nikusuke nywele, na moshi wa nyama ulikuwa umeshuka hadi usawa wa macho. Karanja, ndiye Baba Cate, alikuwa nyuma ya gogo lake la kukatia, mwanamume mnene wa mikono, aproni nyeupe, akimpangia mteja mbavu kwenye ubao. Alimwona mkewe kwanza, akatabasamu. Kisha akamwona aliye naye.

Namalwa hakumtazama yeye. Alitazama juu. Kulabu kuukuu, nyeusi tii, zilikuwa zimetundikwa kwenye boriti mpya ambayo rangi yake ya dukani ilikuwa haijapata hata moshi wa mwezi mmoja.

"Boriti mpya," alisema.

"Eh. Ile ya zamani ilikuwa imechoka."

"Nimetoka kuiona. Haijachoka."

Karanja aliweka kisu chini. Alimwomba mteja samahani, akampa chumvi na kachumbari, akamwelekeza meza ya mbali. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomsumbua Namalwa siku nyingi baadaye.

"Nani amesema?" aliuliza.

"Masizi yako. Uliiweka Jumapili?"

"Wakiwa church. Nilikoroga simiti mwenyewe." Alijifuta uso kwa aproni. "Madam, sikutaka kumuua mtu. Nilitaka akose pa kusimama. Hiyo tu. Aone pamefungwa, aende zake."

"Uliipaka rangi yoyote?"

"Hapana."

"Nyeusi, kwa mteremko, kwa mvua. Angeionaje?"

"Angeingia pole pole..."

"Aliingia vile alizoea. Hata kama angekosea kabisa, pale palikuwa na changarawe na nyasi. Angesimama huko ndani, ajitukane, arudi barabarani. Gari ikipata nyasi, dereva anarudi nyumbani na hadithi. Ikipata chuma ambayo haikubali kupinda, hata mwendo wa kawaida unatosha. Ilipasua injini katikati, Karanja. Ikamfikia."

Karanja alishika gogo kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia mkewe, na wivu uliokuwa umemkaa siku zote hizo ukatoka wote kwa mkupuo.

"Si wewe uliniambia! Si ulikuwa unakuja kuniambia kila siku! Ati leo amekuja. Ati leo amekaa mpaka giza. Ati amekushika mkono akasema mikono yako inaweza kuotesha hata jiwe. Nilale na hiyo maneno? Mimi ni mtu gani nilale nayo?"

"Hakusema," Nyakio alisema.

"Nini?"

"Hakusema hivyo, Baba Cate. Nilitunga."

Makaa yalipasuka jikoni. Karanja alimkazia macho mkewe kama mtu asiyeelewa lugha.

"Alikuwa anaongea mawe," Nyakio aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyajali. "Kila akija ni mawe. Ati tuyatoe yote, mahali pake tupande vichaka, mtu akikosea njia apate majani, asipate jiwe. Ati chokaa haiondoi jiwe, inalipamba tu. Nilikuwa namwambia sijui kichaka gani kitapinda bila kuvunja gari, ananunua moja, anaenda kujaribu, anarudi. Hajawahi kunishika mkono. Hajawahi hata kuniuliza nina watoto wangapi."

"Na ile ya mikono?"

"Wewe ulikuwa unaingia nyumbani, unakula, unalala. Tangu Cate aende boarding, mimi na ukuta tulikuwa sawa. Siku moja nikataja tu kuna mtu anasimama kwangu na Probox. Ukaweka kijiko chini, ukaniangalia. Uliniangalia, Baba Cate! Nikaona wacha niongeze kidogo." Alijifuta kwa ukingo wa aproni. "Na Jumatatu nilipoona hiyo chuma, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema, kumbe bado ananionea wivu."

Karanja alivuta stuli akaketi. Alikuwa mtu mkubwa, na alipoketi alionekana mdogo. Aliitazama mikono ya mkewe, ile yenye udongo kwenye mikunjo na chokaa chini ya pete, akainamisha kichwa.

Namalwa alitoka hatua chache, akampigia Ken.

"Nguzo ilipakwa chokaa baada ya ajali, sir. Rangi ya gari iko chini yake. Niko Kenyatta Market na aliyeiweka na aliyeipaka. Quincy alikuwa anaegesha, indiketa inasema hivyo. Na watafutwe watu leo, nguzo ing'olewe, kabla mwingine hajaipata."

Kisha Ken akasema, kwa sauti ambayo Namalwa hakuwa amewahi kuisikia kwake, "Nilipiga picha tu. Sikuigusa."

Tangu siku ile ya sweta alikuwa akiitamani sentensi hiyo. Aliwahi hata kuiota. Sasa aliipata, akiwa amesimama kwenye moshi, na mbele yake watu wawili waliooana miaka yote hiyo wameketi wakiogopa kutazamana. Haikuwa na ladha yoyote. "Leta gari, sir," alisema, "na uje taratibu. Hawa hawakimbii popote."

Ken alipofika na kuwachukua, hawakubishana. Namalwa alirudi kwenye gari lake, akaifunga milango, akampigia Anita.

"Anaitwa nani?" Anita aliuliza kabla ya salamu.

"Hakuna mwanamke, Anita."

"Usinidanganye kwa sababu ya matanga."

"Nilikuahidi nini? Kuna mama wa miaka yake, chairlady wa wauza miche. Mume wake alidhani vile wewe ulidhani, akapanda chuma mahali Quincy alikuwa anasimamisha gari. Wote wawili mlikosea. Alikuwa anaenda kuwaomba watoe mawe kando ya barabara."

"Na miche?"

"Huku huwezi kusimama kwa biashara ya mtu ukaondoka mikono mitupu. Hata mimi niko na rosemary hapa kwa kiti. Akiongea nao, ananunua mmoja. Na hiyo yako si maua, iangalie vizuri. Ni ya kupandwa mahali pa mawe. Alikuwa anaijaribu kama inapinda."

Namalwa alisikia mlango wa kibaraza ukifunguliwa, kisha kengele za hekalu la jirani, karibu kabisa.

"Huu mmoja ameufunga na uzi," Anita alisema polepole. "Uzi wa cherehani yangu. Nilimgombeza juu ya huo uzi." Akavuta pumzi. "Kwa hivyo alikuwa anachelewa akiongea mawe?"

"Mawe tu."

Ndipo Anita alipolia. Alilia kwa sauti yote aliyokuwa ameikalia tangu Alhamisi, akiliita jina la mumewe, na nyuma yake sebuleni wanawake waliokuwa wakimngoja wakainuka, wakamwitikia.